BEJAH DERVISH: MBULUSHI ALIYECHUNGA AMANA JANGWANI



Hapa pwani yetu Wabulushi tunawajua. Wazee wao walikuja Mombasa na Unguja wakiwa askari wa Sayyid Said, wakaoa, wakajenga misikiti, na leo wajukuu zao tunasali nao safu moja. Lakini wapo Wabulushi wengine waliokwenda mbali zaidi, hadi Australia. Leo tutasimulia maisha ya mmoja wao, Bejah Dervish.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Bejah alizaliwa Baluchistan yapata mwaka 1862. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi la Uhindi, akatumika Kandahar na Karachi, na akapanda cheo hadi kuwa sajini. Yapata mwaka 1890 alipanda meli pamoja na ngamia, akateremka bandari ya Fremantle, magharibi ya Australia.

Kwa nini ngamia? Bara la Australia katikati yake ni jangwa tupu. Farasi na ng'ombe walikufa kwa kiu. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1860 ngamia waliletwa kwa meli, na pamoja nao wakaja watu wanaojua kuwatunza: Wabulushi, Wapathani, Wapunjabi na Wasindhi. Wazungu waliwaita wote Waafghani, ingawa wengi hawakutoka Afghanistan. Hao ndio waliobeba unga, maji, sufi na nguzo za simu hadi mahali ambapo hapakuwa na barabara wala reli.

SAFARI YA MWAKA 1896

Katikati ya mwaka 1896 Bejah aliajiriwa katika msafara wa Calvert, ulioongozwa na mpima ardhi Lawrence Wells. Walikuwa watu saba, na kazi yao ilikuwa kuvuka Jangwa Kuu la Mchanga. Bejah alikabidhiwa ngamia.

Safari ilikuwa ngumu kupita walivyodhani. Vilima vya mchanga vilifuatana bila mwisho, na maji hayakupatikana. Joto lilipozidi walilazimika kusafiri usiku. Ngamia kadhaa walikufa, na mizigo mingi ikaachwa njiani ili waliobaki wapunguziwe uzito. Mwezi wa Oktoba watu wawili, Charles Wells na George Jones, walijitenga ili kupima upande mwingine, kwa ahadi ya kukutana na wenzao kwenye chemchemi ya Joanna Spring. Kumbe ramani za wakati ule ziliionyesha chemchemi hiyo mahali pasipo pake. Wale wawili hawakuonekana tena wakiwa hai. Miili yao ilipatikana jangwani mwezi wa Mei 1897.

Wenzao watano waliufikia mto Fitzroy mwanzoni mwa Novemba 1896. Waliokoka, baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, kwa sababu ngamia walitunzwa. Kule jangwani ngamia akifa, na mtu hana maisha. Wells aliyatambua haya. Alimpa Bejah dira yake mwenyewe, na kilima kimoja katika nchi ile kinaitwa Bejah Hill hadi leo.

MAISHA YA MARREE

Baadaye Bejah alihamia Marree, karibu kilomita 700 kaskazini ya Adelaide. Mji huo uligawanywa na reli: Wazungu upande mmoja, Waislamu na wenyeji wa asili upande wa pili. Waislamu walijenga msikiti wa udongo na kupanda mitende. Mwaka 1909 Bejah alimwoa mjane aitwaye Amelia Shaw. Mwanawe Abdul Jubbar, maarufu kwa jina la Jack, alirithi kazi ya baba yake, na mwaka 1939 aliongoza ngamia wa msafara wa Madigan uliovuka jangwa la Simpson.

Pamoja na utumishi huo wote, sheria hazikuwapendelea. Sheria ya mwaka 1901 ilizuia watu wasio Wazungu kuingia nchini, na ile ya mwaka 1903 iliwanyima watu wa Asia uraia. Wengi hawakuweza kuleta wake zao. Kisha magari yakaja, kazi ya ngamia ikafa. Mwaka 1925 serikali ya Australia Kusini ilitunga sheria iliyoruhusu ngamia wazururaji kuuawa. Wenye ngamia wengi hawakuwa na moyo wa kuwaua wanyama waliowalisha, wakawaachia huru jangwani.

Bejah alibaki Marree na dini yake. Mwaka 1954 alionekana, akiwa mzee sana, katika filamu iitwayo The Back of Beyond. Alifariki mwezi wa Mei 1957, akazikwa Marree. Mwenyezi Mungu amrehemu.

WALIOBAKI

Wajukuu wa watu wale wapo hadi leo Marree, Port Augusta, Adelaide na Alice Springs, na wengi wana damu ya wenyeji wa asili. Msikiti wa Adelaide, uliojengwa mwaka 1888 na 1889, bado unasaliwa. Lakini ule wa Marree ulianguka, na pale pamejengwa mfano wake tu. Familia nyingi zimebaki na majina ya Kiislamu, lakini lugha na swala vilipotea, kwani watoto hawakupata wa kuwafundisha.

MAFUNZO TUNAYOPATA

1. Amana ni amana, hata ikiwa ni mnyama. Bejah alikabidhiwa ngamia, na kwa kuwatunza alihifadhi roho za watu.

2. Heshima ya mtu haitegemei sheria za watawala. Alinyimwa haki, lakini jina lake limebaki.

3. Dini hairithiwi kama jina. Wazee wale walivuka jangwa wakiwa na imani yao, lakini hawakuwa na chuo cha kuwasomesha watoto. Sisi tunacho. Mzazi, usimwache mwanao nyumbani siku ya chuo. Nawe mwanafunzi, ukifungua juzuu yako, kumbuka kuwa wapo watoto waliozaliwa na Waislamu wema lakini hawakuipata nafasi hiyo.

Wabillahi tawfiq.