Hamit Kaplan, Mwanamieleka wa Uturuki

Haya ni maisha ya Hamit Kaplan. Alizaliwa mwaka 1934 mkoani Amasya, Uturuki. Jina Kaplan kwa Kituruki ni chui-milia, na lilimfaa. Mwaka 1956, kwenye Olimpiki ya Melbourne, Australia, alitwaa dhahabu ya mieleka ya uzito wa juu. Mwaka 1957 akawa bingwa wa dunia mjini Istanbul, mbele ya watu wa kwao. Mwaka 1960 mjini Rome, Wilfried Dietrich wa Ujerumani alichukua dhahabu, Kaplan akapata fedha. Tokyo 1964, shaba. Wengine huita huko kushuka. Sisi twaona miaka minane ya kukataa kukaa pembeni. Alifariki mwaka 1976 kwa ajali ya barabarani, akiwa na miaka 41. Mwenyezi Mungu amrehemu, amin.