Alexis Carrel: daktari aliyejifunza kushona kwa mdarizi

Leo tuache siasa kidogo, nawaletea maisha ya daktari mmoja Mfaransa aliyefariki zamani. Nina sababu yangu.

Hapa Mpanda naishi na mama yangu mdogo. Moyoni ana vali ya bandia, aliwekewa Dar. Usiku kukiwa kimya unaisikia inagonga kama saa. Inafanya kazi safi, lakini kila siku lazima ameze warfarini, maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Dozi ikizidi, anaweza kuvuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye vali na donge likapanda hadi kwenye ubongo. Kuna mwezi alikwenda kupima akaambiwa vifaa vimeisha. Jamani, wiki ile hatukulala. Nikajiuliza, hivi kwa nini damu haiizoei ile vali? Nikaanza kusoma, ndipo nikakutana na Alexis Carrel.

Carrel alizaliwa mwaka 1873 karibu na Lyon, mji wa hariri. Baba yake alifanya biashara ya vitambaa, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu hapo hapo Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa tumboni. Madaktari walikuwepo, ila enzi hizo hawakuwa na njia ya kuaminika ya kushona mshipa ili uendelee kupitisha damu. Rais akafa. Carrel alikuwa kijana wa miaka 20 anayesomea udaktari, na jambo lile lilimkaa kichwani.

Basi akaenda kwa mama mmoja mdarizi, Madame Leroudier, akajifunza sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 akatangaza njia yake. Unaweka mishono mitatu kuzunguka mdomo wa mshipa, unaivuta, duara linageuka pembetatu. Kushona duara linaloteleza ni kazi, kushona mstari ulionyooka ni rahisi. Yaani kitu kidogo tu, lakini upasuaji wa mishipa na upandikizaji wa viungo umesimama juu yake.

Kwao hakupata nafasi aliyoitaka. Mwaka 1904 akaenda Kanada, kisha Chicago, na 1906 akaingia Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa hapa ndipo paliponigusa. Mwaka huo huo alikuwa na kazi nyingine mbili mkononi. Ya kwanza, kuingiza mirija ya kioo na alumini ndani ya mshipa mkubwa wa mbwa, akiwa ameipaka nta ili damu isigande. Ya pili, kuotesha nyama hai ndani ya chupa. Januari 1912 aliweka kipande cha moyo wa kifaranga ambacho hakijaanguliwa. Seli zake zilitunzwa mpaka 1946.

Mshipa wetu ni kama koti, ndani una bitana. Bitana hiyo ni seli hai, na ndizo zinazotoa kemikali za kuituliza damu isigande. Kioo hakina bitana, chuma hakina, plastiki haina. Damu ikikigusa kitu kigeni inaona kama kidonda, inaganda. Carrel alishika ncha zote mbili za uzi, mrija mkono huu, seli hai mkono ule. Fundo lilikuja kufungwa na wengine. Mwaka 1973 watafiti wa New York waliweza kuotesha seli za bitana kutoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 1989 madaktari wa Vienna walianza kuotesha seli za mgonjwa mwenyewe, kuzitandaza ndani ya mrija wa plastiki, kisha kumwekea mguuni. Mirija hiyo ilikaa bila kuziba muda mrefu kuliko ile mitupu. Lakini kazi ni ya gharama, inataka maabara maalumu na wiki kadhaa, na mguu unaooza hausubiri.

Tusimsifie tu. Carrel alidai seli zile haziwezi kufa. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi kisha husimama. Kibaya zaidi, katika kitabu chake cha 1935 aliunga mkono kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae, na hata wahalifu fulani kuuawa kwa gesi. Wakati wa vita aliongoza taasisi ya serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Alifia Paris Novemba 1944, huku akituhumiwa ushirika huo.

Kiukweli mtu huyu ananishinda. Mikono yake iliwapa wagonjwa uhai, na kalamu yake iliwapima binadamu nani bora na nani hafai. Namtazama mama mdogo na moyo wake mbovu, nasema huyu anafaa, tena sana. Mishono ya Carrel tunaichukua, mizani yake abaki nayo.

Mpaka leo, mwenye vali kama ya mama mdogo tegemeo lake ni warfarini. Kama una ndugu anayeitumia, asibadilishe dozi bila daktari. Halafu tuambie hapo chini, huko kwenu kipimo mnakipataje?