Abu Bakr Ar-Razi, Tabibu wa Rey

Kila aliyelelewa katika visiwa vya Bajuni, tangu Kisimayu kushuka hata Chovae na ng'ambo yake, anaijua desturi ya kufukiza. Mgonjwa wa mafua au wa kifua hufunikwa shuka juu ya chungu cha maji ya moto yaliyotiwa majani, akauvuta mvuke mpaka jasho likamtoka. Wazee wetu, wengi wao bila ya kusoma kitabu chochote cha utabibu, waliamini kuwa dawa yaweza kuingia mwilini kwa njia ile ile inayopita pumzi. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa, katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, kueleza maisha ya tabibu mkubwa aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye kazi yake inagusa jambo hili kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuitazamia.

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Kwa kauli ya Al-Biruni alizaliwa mwaka 251 wa Hijra, sawa na mwaka 865, katika mji wa Rey, karibu na ilipo Tehran leo, katika nchi ya Uajemi. Na kwa sababu ya mji huo akaitwa Ar-Razi. Al-Biruni ni mwanachuoni aliyefanya kazi ya kuorodhesha vitabu vya tabibu huyu, akahesabu 184. Katika ujana wake Ar-Razi alipenda muziki, kisha akashughulika na ilimu ya kuyeyusha na kuchanganya madini. Yasemekana kwamba moshi na mvuke wa tanuri zake ndio ulioanza kumharibu macho.

Ilimu ya utabibu aliisoma akiwa mtu mzima, tena wakati wenzake wamekwisha kuwa mabingwa. Alikwenda Baghdad, akajifunza, akarudi kwao na kuwa mkuu wa hospitali ya Rey; baadaye akawa mkuu wa hospitali huko Baghdad. Iko hadithi mashuhuri kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali, alitundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali ya mji, akachagua mtaa ambao nyama yake ilichelewa kuoza, kwani aliona hewa yake ni safi. Wanahistoria hawaithibitishi hadithi hii, kwa kuwa hospitali inayotajwa ilijengwa baada ya kufa kwake. Lakini kule kuhadithiwa kwake tu kwaonyesha namna watu walivyomfahamu: mtu asiyeamua jambo mpaka alijaribu.

Darasa lake lilikuwa na utaratibu wa pekee. Yeye alikaa katikati, wakamzunguka wanafunzi wake wakubwa, na nyuma yao wanafunzi wadogo. Mgonjwa alipoingia alieleza shida yake kwanza kwa wale wa nyuma. Wakiwa na jawabu, walimjibu. Wakishindwa, aliwafikia wale wa mbele. Na wote wakishindwa, ndipo Ar-Razi mwenyewe aliposema. Wenye kuandika khabari zake wanamsifu kwa ukarimu na kwa huruma juu ya mafakiri, ambao aliwatibu bila ya malipo na hata kuwapa cha kutumia. Aliandika pia kitabu makhsusi kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu, akataja humo dawa zinazopatikana jikoni na sokoni. Watu wa visiwani, ambao mara nyingi tabibu wao yuko ng'ambo ya maji, hawahitaji kuelezwa thamani ya kitabu cha namna hiyo.

Kati ya risala zake ipo moja ndogo ambayo leo inatajwa sana na mabingwa wa maradhi ya pua na kifua. Abu Zayd Al-Balkhi, mwanachuoni mkubwa wa zama zile, alikuwa akishikwa na mafua kila majira ya machipuko, wakati mawaridi yanapochanua. Ar-Razi aliandika kueleza kwa nini harufu ya waridi, ambayo kwa wengine ni starehe, kwa mtu huyu ilikuwa ni ugonjwa. Risala hii ni katika maandiko ya kwanza kabisa yaliyoeleza kuwa kitu kisichoonekana, kikivutwa kwa pumzi, chaweza kumdhuru mtu mmoja na kumwacha mwenziwe salama.

Lakini kitabu kilichomtukuza kupita vyote ni kile cha ndui na surua. Kabla yake matabibu waliyachanganya maradhi haya mawili, kwani yote huanza kwa homa na kumalizikia kwa vipele. Ar-Razi alikaa na wagonjwa, akatazama, akapambanua. Alisema kuwa maumivu ya mgongo ni dalili ya ndui zaidi, na kichefuchefu na dhiki ya moyo ni dalili ya surua zaidi. Miongoni mwa dalili za ndui alitaja hata mwasho wa pua. Akafundisha namna ya kuyalinda macho ya mgonjwa ili asipofuke. Katika sababu ya ugonjwa alikosea: alidhani ni damu ya mtoto inayochemka kwa tabia yake, wala hakujua kwamba kijidudu cha ndui na cha surua huingia kwa pumzi. Kosa hilo si la kumlaumia, kwani chombo cha kukionyesha kijidudu hicho hakikuwapo katika zama zake.

Sifa yake nyingine ni uadilifu katika kupima. Alimheshimu Jalinus, tabibu wa Kiyunani, kama mwalimu, lakini aliandika kitabu kizima kutaja mahali ambapo maneno ya mwalimu huyo hayakulingana na aliyoyaona kitandani kwa mgonjwa. Na katika ugonjwa wa homa ya ubongo alieleza kwamba baadhi ya wagonjwa aliwatoa damu, na wengine akawaacha kwa makusudi bila ya kuwatoa, apate kujua kama dawa ile inafaa kweli. Baadhi ya kauli zake katika falsafa wanavyuoni walizikataa kwa ukali, wala si kazi yetu hapa kuzitetea. Ama katika utabibu, hata waliompinga huko walimpokea huku.

Uzeeni mwake alipofuka. Husimuliwa kwamba aliletewa mganga wa macho, naye akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule mganga alipokosa jawabu, Ar-Razi alikataa kupasuliwa na mtu asiyelijua jicho. Alifariki mjini kwao Rey mwaka 313 wa Hijra, yaani 925. Maandishi aliyoyakusanya umri wake wote yalibaki kwa dada yake, na waziri Ibn Al-Amid akayachukua kwake. Wanafunzi wakayapanga, yakawa kitabu kikubwa kiitwacho Al-Hawi. Mwaka 1279 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi.

Sasa tutazame yaliyofuata baada yake katika njia hii ya pumzi. Katika karne ya 16 Wachina walikuwa wakisaga magamba ya vidonda vya ndui na kuupuliza unga wake puani mwa mtoto kwa mrija, ili apate ndui ndogo na kukingwa na kubwa. Ilikuwa kinga ya kweli, ingawa yenye khatari. Mwaka 1956 kilitolewa huko Marekani kile chombo kidogo cha mkononi ambacho wenye pumu wanakijua: hubonyezwa, kikatoa dawa kama ukungu. Siri yake ni udogo wa matone. Tone likizidi kiasi cha sehemu tano za elfu za milimita, hukwama kooni. Likiwa dogo kuliko hapo, hufika ndani ya mapafu.

Chanjo ya surua nayo ilijaribiwa kwa njia hiyo hiyo. Albert Sabin, yule aliyetengeneza chanjo ya polio ya matone, aliifanyia kazi pamoja na matabibu wa Meksiko, na mwishoni mwa miaka ya 1980 watoto kwa mamilioni huko walivutishwa chanjo kwa ukungu. Kisha huko India watoto wachanga 2,004 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa chanjo ya kuvuta, la pili la sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: waliovuta, takriban 85 katika kila 100 walipata kinga, waliodungwa, takriban 95. Kwa hiyo sindano haikuachwa. Ar-Razi asingeona ajabu katika upimaji huu, kwani ni ule ule wa mafungu mawili ya wagonjwa wake, na hukumu yake ingekuwa hiyo hiyo: lililo jepesi halishiki nafasi ya lililo bora mpaka lithibiti.

Hata hivyo sisi watu wa pwani hii tunayo sababu ya kuomba kazi hiyo iendelee. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977, katika mji wa Merka, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliingia garini kumwonyesha dereva njia. Ndani ya gari walikuwamo watoto wawili wenye ndui. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, lakini pumzi hizo chache zilitosha. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Akaugua, akapona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha. Baadaye aliwahimiza wazazi wawachanje watoto wao, na alikuwa katika kazi ya kampeni ya polio alipofariki kwa malaria mwaka 2013.

Ndui imekwenda zake, lakini mwenzake, ambaye Ar-Razi alimpambanua naye, bado yuko Somalia na bado anaua watoto. Chanjo yake yataka baridi tangu bohari mpaka mkononi. Ikishachanganywa na maji yake yafaa kwa muda wa saa sita tu. Tena yataka sindano safi na mkono uliofundishwa. Kuyafikisha yote hayo kwa mashua katika kisiwa kama Chovae si kazi ndogo. Ikipatikana siku moja chanjo ya kuvuta yenye nguvu sawa na ya sindano, mzigo huo utapungua. Mpaka siku hiyo, mzazi asingojee. Sindano ipo, imepimwa, na kinga yake imethibiti. Majani ya kufukiza humfariji mwenye mafua, lakini hayamkingi mtoto na surua.

Mwenyezi Mungu amlipe kila aliyefanya kazi kwa ajili ya afya za waja Wake, na atulindie watoto wetu. Amin.