Kioo kilichobaki rafuni

Kama uliwahi kusimamishwa huduma kanisani kwako, au una kazi ya miaka mingi iliyokufia mikononi, leo keti kidogo na Michael Faraday.

Alizaliwa London mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, na shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kujalidi vitabu, na alivyovijalidi akavisoma. Mwaka 1813 akaajiriwa Royal Institution kumsaidia mkemia Humphry Davy. Familia yake ilisali na kundi dogo la Wasandemani. Mwaka 1821, muda mfupi baada ya kumwoa Sarah, naye akaungama imani yake humo.

Katika miaka ya 1820 alipewa kazi ya kutengeneza kioo bora cha darubini. Akayeyusha, akapoza, akaanza upya, mwaka baada ya mwaka. Alipata kioo kizito chenye madini ya risasi, ila darubini iliyotarajiwa haikupatikana na kazi ikaachwa. Vipande vikabaki.

Sasa sikia la mwaka 1844. Faraday alikuwa mzee wa kanisa, na sifa zake katika sayansi zilikwisha kuenea Ulaya nzima. Kanisa likamtenga. Sababu hasa wanahistoria wanaibishania hadi leo, nasi tusiokote umbeya wa zamani. Baada ya wiki chache alirudishwa kundini, lakini uzee wa kanisa hakuupata tena hadi 1860. Wengi wetu tungehama dhehebu, au tungeanzisha letu! Yeye aliendelea kuketi benchi la kawaida, Jumapili kwa Jumapili.

Septemba 1845 alikuwa akitafuta kama sumaku inaweza kuugusa mwanga. Kwa kawaida mwanga hutetemeka pande zote. Ukichujwa, hutetemeka upande mmoja tu, kama kamba inayotikiswa juu na chini. Aliupitisha mwanga huo katika vitu mbalimbali kando ya sumaku, asione badiliko. Ndipo akachukua kipande cha kile kioo kizito cha zamani. Upande wa mtetemo ukageuka.

Ujumbe unaotuma kwa simu ukivuka bahari, huenda kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Njiani mna vifaa vidogo vinavyotumia jambo lile la 1845: huugeuza mtetemo kwa sumaku, ili mwanga uendao mbele upite na unaorudi nyuma uzuiwe, usivuruge mitambo.

Faraday alikataa kupewa cheo cha heshima kinachoitwa Sir, akakataa pia urais wa Royal Society. Alifariki Agosti 25, 1867, akazikwa makaburi ya Highgate bila makuu. Jiwe la kaburi lake lina jina na tarehe zake.