Hammer DeRoburt

Hammer DeRoburt (25 Septemba 1922 – 15 Julai 1992) alikuwa mwalimu na mwanasiasa wa Nauru, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Alikuwa Chifu Mkuu wa Wanauru kuanzia mwaka 1956, akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo baada ya uhuru mwaka 1968. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili: aliwapatia Wanauru umiliki wa madini yao ya fosfati, na alidai kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba waliochimba kisiwa kabla ya uhuru walipe gharama ya kuitengeneza ardhi waliyoiharibu.

Nchi yake

Nauru ina eneo la kilomita za mraba 21 tu, na barabara inayokizunguka kisiwa haifiki kilomita 20. Watu huishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Sehemu ya katikati, ambayo ni karibu asilimia 80 ya kisiwa, ni uwanda wa juu uliokuwa na akiba kubwa ya fosfati, madini yanayotumiwa kutengeneza mbolea.

Ujerumani ilikitwaa kisiwa hicho mwaka 1888, na uchimbaji ulianza katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, wanajeshi wa Australia walikiteka. Baada ya vita Nauru iliwekwa chini ya Shirikisho la Mataifa, ikatawaliwa na Australia kwa niaba yake yenyewe, Uingereza na Nyuzilandi. Mwaka 1947 ikawa eneo la kudhaminiwa la Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilipita njia hiyohiyo: koloni la Ujerumani kwanza, kisha nchi ya udhamini chini ya Uingereza.

Fosfati ilichimbwa na tume iliyomilikiwa na serikali hizo tatu. Wakulima wa Australia na Nyuzilandi waliuziwa kwa bei ya gharama, chini ya bei ya soko la dunia. Kwa hiyo faida ilibaki mashambani mwao, na wenye ardhi wa Nauru walipata malipo madogo sana. Mahali palipochimbwa palibaki nguzo za mawe ya matumbawe zilizochongoka, ambapo mtu hawezi kujenga wala kulima.

Maisha ya awali na uhamisho

DeRoburt alizaliwa Nauru na kusoma huko, kisha akaendelea na masomo katika chuo cha ufundi mjini Geelong, Australia. Aliporudi nyumbani akawa mwalimu.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walikiteka kisiwa. Mwaka uliofuata waliwahamisha kwa nguvu Wanauru wapatao 1,200 hadi visiwa vya Truk (leo Chuuk, katika Shirikisho la Mikronesia), umbali wa kilomita 1,600 hivi. DeRoburt, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa miongoni mwao. Walifanyishwa kazi ngumu, wakapata njaa, magonjwa na mashambulizi ya mabomu. Waliorudi Nauru kwa meli tarehe 31 Januari 1946 walikuwa 737 tu. Kwa taifa dogo kiasi hicho, kila familia ilikuwa na msiba.

Baada ya kurudi DeRoburt alifanya kazi tena katika elimu.

Chifu Mkuu

Mwaka 1951 watawala waliunda Baraza la Serikali ya Mitaa lenye wajumbe tisa. Baraza hilo lilikuwa na madaraka machache, lakini lilikuwa chombo pekee cha kuchaguliwa. DeRoburt aliingia barazani mwaka 1955 na mwaka uliofuata wenzake wakamchagua kuwa Chifu Mkuu.

Suala kubwa la wakati huo lilikuwa hatima ya watu wenyewe. Ilikadiriwa kwamba fosfati ingekwisha kabla ya mwisho wa karne, na watawala waliona kwamba kisiwa kisichokuwa na madini wala udongo kisingeweza kuwalisha watu. Waliwashauri Wanauru wahame. Mwaka 1963 Australia ilipendekeza kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland. Wanauru wangepewa makazi na uraia wa Australia.

DeRoburt na baraza lake hawakuikataa fikra ya kuhama papo hapo. Walikwenda kuangalia, wakajadiliana kwa makini. Sharti lao lilikuwa kwamba huko waendako wabaki taifa linalojitawala. Australia haikukubali kutoa mamlaka kamili katika eneo lake, nao Wanauru waliogopa kumezwa na kupotea kama watu. Mwaka 1964 waliukataa mpango huo. Tangu hapo DeRoburt alidai uhuru palepale Nauru, pamoja na umiliki wa fosfati.

Kuelekea uhuru

Mazungumzo yalifanyika Canberra na mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1966 Nauru ilipata Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1967 ulifikiwa mkataba wa fosfati: Wanauru wangenunua mitambo na mali za tume ya uchimbaji kisiwani kwa dola za Australia milioni 21. Walimaliza kulipa, na mwaka 1970 shirika lao wenyewe likachukua kazi yote ya uchimbaji.

Jambo moja halikupata jibu. DeRoburt alitaka serikali tatu zigharimie ukarabati wa ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru, yaani takriban theluthi moja ya kisiwa. Serikali hizo zilikataa, na mkataba ukatiwa saini bila kulitaja. Hata hivyo hakukubali kwamba dai limekufa. Alilirudia kwenye Umoja wa Mataifa, na siku yenyewe ya uhuru aliwaambia waandishi wa habari kwamba wajibu huo bado ni wa serikali hizo tatu.

Uhuru ulipatikana tarehe 31 Januari 1968. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya kurudi kwa manusura wa Truk.

Rais wa Nauru

Nauru haina uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Bunge, lenye wajumbe 18 wakati huo, humchagua rais kutoka miongoni mwake. DeRoburt, mbunge wa Boe, alichaguliwa Mei 1968 na kuchaguliwa tena mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa viongozi waliokutana Wellington kuanzisha Jukwaa la Pasifiki ya Kusini.

Bei ya fosfati ilipopanda katika miaka ya 1970, Wanauru wakawa kati ya watu wenye kipato kikubwa duniani. Hawakutozwa kodi ya mapato, na matibabu na elimu vilikuwa bure. Serikali ilianzisha shirika la ndege, ikajenga jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne, na kuweka sehemu ya mapato katika mifuko ya akiba kwa ajili ya siku ambazo madini yangekwisha. Lakini uchimbaji uliendelea kwa kasi chini ya serikali yake mwenyewe, na mashimo yaliongezeka. Wapinzani walimlaumu pia kwa kushika madaraka mengi mkononi mwake.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 1976 bunge lilimchagua Bernard Dowiyogo, kijana wa miaka 30. DeRoburt alirudi madarakani Mei 1978. Mwaka 1986 alimwachia Kennan Adeang nafasi hiyo mara mbili, kila mara kwa siku chache tu, kisha akairudia. Tarehe 17 Agosti 1989 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, na Kenas Aroi akashika nafasi yake.

Kesi ya Den Haag

Mwaka 1983 DeRoburt alimwandikia waziri mkuu wa Australia akitaka suala la ukarabati lizungumzwe upya, na jibu lilikuwa la kukataa. Mwishoni mwa 1986 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Christopher Weeramantry, mwanasheria kutoka Sri Lanka. Tarehe 19 Mei 1989, miezi mitatu kabla DeRoburt hajaondolewa madarakani, Nauru iliishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Den Haag.

Australia ilitoa mapingamizi kadhaa. Ilisema, pamoja na mengine, kwamba Wanauru walikuwa wameliacha dai lao na kwamba walichelewa mno kufungua kesi. Tarehe 26 Juni 1992 mahakama iliamua kwamba inaweza kuisikiliza kesi. Katika kupima suala la kuchelewa ilitaja maneno ya DeRoburt ya siku ya uhuru na barua yake ya 1983: dai lilikuwa limetolewa mapema, na Australia ililijua.

Kifo na baada yake

DeRoburt alifariki Melbourne tarehe 15 Julai 1992, chini ya wiki tatu baada ya uamuzi huo. Mwaka 1993 pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Australia ilikubali kulipa dola zake milioni 107, na Uingereza na Nyuzilandi zikachangia milioni 12 kila moja.

Utajiri wa fosfati haukudumu. Katika miaka iliyofuata kifo chake mifuko ya akiba iliyeyuka kwa uwekezaji mbaya na ubadhirifu, na sehemu kubwa ya uwanda wa katikati bado ni nguzo za matumbawe. Hata hivyo watu ambao walitakiwa kuhamia pwani ya Queensland bado wanaishi Nauru, na kila tarehe 31 Januari huadhimisha uhuru wao.