Henry Thornton, Mweka Hazina

Sisi wa Nkwenda fedha ya kahawa twaijua: huja kwa msimu, nayo huondoka upesi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari za Henry Thornton, mwenye benki wa London, aliyezaliwa mwaka 1760 katika ukoo tajiri wa wafanyabiashara wa Uingereza.

Alikuwa mbunge tangu 1782 hata kufa kwake, na mwaka 1784 akaingia katika kazi ya benki. Kabla hajaoa aliyagawa mapato yake mafungu saba: sita akayatoa sadaka, na moja akaishi nalo. Alipomwoa Marianne Sykes mwaka 1796, na watoto tisa wakazaliwa, alipunguza, lakini hakuacha. Yeye na jamaa yake Wilberforce walipigana na biashara ya watumwa, mpaka Bunge likaipiga marufuku mwaka 1807.

Chama cha CMS kilipoanzishwa mwaka 1799, mweka hazina wake wa kwanza alikuwa Thornton. Chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na wamisionari waliofika kwa jirani zetu wa Uganda mwaka 1877.

Thornton alikufa mwaka 1815. Desemba 1825 benki yake ikaanguka, mwanawe akiwa mmoja wa washirika. Alichoweka benki hakikudumu. Alichotoa kinaendelea kuzaa hata leo. Basi, tukipokea fedha ya kahawa, tulitenge kwanza fungu la kutoa.