Jim Driscoll, mupiga ngumi wa neno moja

Leo tunakumbuka Jim Driscoll, mupiga ngumi wa uzito wa unyoya. Alizaliwa mwaka 1880 kule Cardiff, bandari ya makaa ya mawe ya Wales. Baba yake alikufa kazini, kwa reli, Jim akiwa mutoto muchanga.

Tarehe 19 Februari 1909, New York, alipigana raundi 10 na bingwa wa dunia, Abe Attell. Magazeti yalisema Driscoll alishinda, lakini bila kumuangusha Attell, sheria haikumupa taji. Waliomba wapigane tena. Alikataa: aliahidi kupigana kwao kwa kusaidia watoto yatima. Akapanda meli.

Taji lile hakulipata kamwe. Alipokufa mwaka 1925, watu karibu 100.000 walisimama njiani kumusindikiza.